Santuri Nne za Rod Temperton Kutoka Kenyatta Market

Nilikwenda Kenyatta Market, Nairobi, Jumamosi moja asubuhi kutafuta santuri moja tu, nikarudi nyumbani Buruburu na nne, na nimezisikiliza kila jioni kwa muda wa wiki sita kabla ya kuthubutu kuandika tathmini hii. Ninaandika kama mpiga kinanda wa kanisa, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 14, na kama mtunzi wa nyimbo za kwaya zinazoimbwa na watu wengi kuliko wanaolijua jina langu. Msomaji anayetafuta maoni ya fundi wa mitambo ya sauti atapata machache ya kumfaa hapa. Anayetaka kujua kama inafaa kutoa shilingi 8,000 ili kumfuata mtunzi mmoja, Rod Temperton, katika santuri nne kuukuu, ambazo jina lake halimo kwenye uso wa hata moja, nitajitahidi kumjibu kwa ukamilifu.

Kibanda chenyewe kimo ndani ya soko, ukishawapita wasusi wanaokuita kabla hujawafikia na ukishaupita moshi wa nyama choma. Santuri zimepangwa wima kutoka sakafuni karibu kufika darini, na njia ya katikati inamtosha mtu mmoja, kwa hivyo mteja wa pili husubiri mlangoni hadi wa kwanza atoke. Nilimwamkia mzee mwenye kibanda, nikamwambia kwamba nataka Thriller, kwa sababu kijana mmoja wa kwaya ninayemfundisha kinanda alikuwa ameniuliza jinsi mstari wa besi wa wimbo huo unavyoweza kupigwa kwa mkono wa kushoto. Mzee hakuitoa mara moja. Aliniangalia, akauliza:

"Kwani wewe hupiga kinanda, mama?"

"Naam, mzee. Kanisani."

"Basi usihangaike na picha ya mbele. Wapiga kinanda wamo ndani, kwenye herufi ndogo."

Alivaa miwani, akalifungua lile jalada ambalo ndani yake Michael Jackson amelala na mtoto wa chui milia, akaweka kidole chini ya jina la mtunzi wa wimbo wenyewe. Kisha akainama, akatafuta kwa dakika kama kumi, akapanga santuri nyingine tatu juu ya meza kwa kufuata miaka yake: Too Hot to Handle ya kundi la Heatwave, ya mwaka 1976, Off the Wall ya Michael Jackson, ya mwaka 1979, na Give Me the Night ya George Benson, ya mwaka 1980. Thriller ya mwaka 1982 akaiweka mwisho wa safu. "Huyu ni mtu mmoja," akasema. "Anza na hii ya kwanza, uje naye polepole." Sikumbuki muuzaji mwingine yeyote wa muziki katika jiji hili aliyewahi kunipangia bidhaa kwa jina la mtunzi. Wengi hupanga kwa jina la mwimbaji, wachache kwa aina ya muziki.

Kabla ya kuzungumzia muziki, niseme jinsi bidhaa yenyewe inavyouzwa, maana hapo ndipo wengi wetu tumeumia. Mwaka juzi nilinunua santuri kwa mchuuzi mwingine, mbali na soko hili, nikafika nyumbani nikakuta imepinda ukingoni hata sindano ikawa inapanda na kushuka kama mashua, na fedha zangu hazikurudi. Safari hii kila santuri ilitolewa kwenye bahasha yake ya karatasi mbele ya macho yangu, ikainamishwa chini ya taa ili mikwaruzo ijionyeshe, ikafutwa kwa kitambaa laini kwa kufuata duara la mistari, kisha ikawekwa kwenye gramafoni ya kibandani nikasikiliza mwanzo wa kila upande. Off the Wall ya kwanza aliyoitoa ilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye upande wa pili, nami nisingeuona. Aliuona yeye. "Hii usiichukue, mama, itakukera," akasema, akairudisha, akatafuta nyingine iliyokuwa na jalada lililochakaa zaidi lakini santuri yenye afya. Bei zilikuwa shilingi 1,800 kwa Heatwave, 2,500 kwa Off the Wall, 1,500 kwa Benson na 3,000 kwa Thriller, jumla 8,800, naye akapunguza hadi 8,000. Bei hazijaandikwa popote, hivyo mteja asiyependa kuuliza atapata tabu kidogo.

Sasa nije kwa mtu mwenyewe. Rod Temperton alizaliwa mwaka 1949 huko Cleethorpes, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, na alikuwa akisimulia kwamba baba yake alikuwa akimwekea redio ndogo juu ya mto wa kulalia utotoni ili alale akisikiliza Radio Luxembourg. Alianza kwa kupiga ngoma, akahamia kwenye kinanda, na kwa muda akafanya kazi katika kiwanda cha samaki waliogandishwa mjini Grimsby. Nasimama kidogo hapo kwenye samaki, kwa sababu nawajua wapiga ala wengi wa Nairobi ambao huamkia kazi isiyohusiana kabisa na muziki, wakafika mazoezini jioni wakiwa bado wamevaa ovaroli. Mwaka 1974 Temperton alijibu tangazo la gazeti la muziki, Melody Maker, lililowekwa na Johnnie Wilder, Mmarekani wa Dayton, Ohio, ambaye alikuwa amefika Ujerumani kama mwanajeshi na akabaki huko akiimba. Wilder alikuwa anaunda bendi na alihitaji mpiga kinanda. Bendi hiyo, Heatwave, ikawa na Wamarekani, Waingereza, Mswisi na mpiga ngoma kutoka Chekoslovakia. Msomaji wa Nairobi hatashangaa, kwani katika miaka hiyohiyo ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walikuwa hapa na Simba Wanyika, na Super Mazembe walikuwa wamekuja kutoka Kongo. Muziki wa mji mmoja mara nyingi huja na mizigo ya watu wa miji mingine.

Too Hot to Handle ndiyo santuri ninayoipenda kuliko zote nne, na ningemshauri mpiga kinanda yeyote aanze nayo hata kama hajawahi kulisikia jina la Heatwave. Hapa Temperton bado amekaa kwenye kiti chake ndani ya bendi, na anaandika kwa ajili ya watu anaowaona kila siku, jambo ambalo mtunzi wa kwaya analielewa vizuri sana: unajua nani anaweza kupanda juu, nani atachelewa kuingia, nani hapaswi kupewa beti ndefu. Boogie Nights, ambao ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza na za Marekani pia, unaanza kwa namna ambayo sikuitarajia katika wimbo wa disko, kwa kinubi na mwendo wa jazi wa taratibu, kisha besi inaingia na sakafu yote inabadilika. Niliposikia mwanzo huo mara ya kwanza kibandani nilidhani mzee amekosea santuri.

Always and Forever, kwenye santuri hiyohiyo, ni jambo jingine kabisa. Ni wimbo wa mapenzi wa polepole ambao wengi wetu tumeusikia kwenye harusi bila kujua ulikotoka, na umejengwa kwa kodi, yaani sauti kadhaa za kinanda zinazopigwa kwa pamoja, zinazobadilika chini ya melodia tulivu, kiasi kwamba mwimbaji anaweza kushikilia sauti moja huku kinanda kikimpa maana mpya kila kipimo. Nilikaa nao jioni tatu mfululizo, kinanda changu cha vibonyezo 61 kikiwa kando ya gramafoni, nikiinua sindano na kuirudisha nyuma kidogo kidogo. Siri yake, kwa sikio langu, ni subira. Mtunzi anajua kodi nzuri zaidi aliyonayo ni ipi, na haitoi mapema. Mwishoni Johnnie Wilder anaachiwa nafasi ya kupaza sauti atakavyo, na kinanda kinarudi nyuma kumpisha. Kila mpiga kinanda aliyewahi kusindikiza mwimbaji hodari anajua kwamba kurudi nyuma kwa wakati wake ni ufundi unaochukua miaka.

Mwaka 1978 Temperton aliacha kuzunguka na bendi ili atunge tu, ingawa aliendelea kuwaandikia wenzake nyimbo. Uamuzi huo unastahili heshima kuliko unavyopewa. Jukwaa huvuta, na mtu ambaye nyimbo zake zimeanza kushangiliwa na maelfu ana kila sababu ya kutaka kuwa pale zinaposhangiliwa. Yeye alichagua chumba chenye kinanda. Muda mfupi baadaye Quincy Jones, ambaye alikuwa akitayarisha santuri ya Michael Jackson, alimwomba nyimbo. Temperton alipeleka tatu akidhani kwamba mmoja utachaguliwa, na zote tatu zikarekodiwa: Rock with You, Off the Wall na Burn This Disco Out.

Off the Wall, basi, ndiyo santuri ambayo mpiga kinanda anaacha kiti chake. Anayesikika kwenye vinanda vingi vya santuri hii ni Greg Phillinganes, aliyewahi kupiga na Stevie Wonder, na kama hukusoma jalada utampa sifa za Temperton, au utampa Michael Jackson sifa za wote wawili. Jalada linaeleza wazi. Chini ya nyimbo zile tatu Temperton ametajwa kama mtunzi na pia kama mpangaji wa mwendo wa ala na wa sauti za waimbaji, na ukishajua hilo unaanza kusikia kazi yake mahali ambapo hukuwa ukiitafuta. Sauti za waitikiaji katika wimbo wa Off the Wall zinaingia kwa vipande vifupi vilivyokatwa kama tarumbeta, na hakuna anayeimba neno refu pale ambapo neno fupi linatosha. Rock with You, uliokaa nafasi ya kwanza Marekani mapema mwaka 1980, unafunguliwa na ngoma za John Robinson kwa kipande kifupi ambacho kila mpiga ngoma wa kanisa letu anakijua, kisha unaelea kwa utulivu hadi karibu na mwisho ambapo ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo wote umesimama juu yake, unapanda nusu hatua. Kupandisha ufunguo ni mbinu tunayoitumia kanisani karibu kila Jumapili, na mara nyingi tunaitumia vibaya, kwa kishindo, kama mtu anayegonga meza ili asikilizwe. Temperton anaupandisha kana kwamba wimbo wenyewe umeamua kusimama. Nimeibadilisha namna yangu ya kupandisha ufunguo baada ya kuisikiliza santuri hii, na kiongozi wa kwaya amekiri kwamba waimbaji hawapigi tena kelele wanapofika pale.

Kuhusu Give Me the Night sitachukua muda mwingi. Ni santuri safi, iliyopigwa na mafundi wakubwa, akiwamo mpiga kinanda Herbie Hancock, na gitaa la Benson linatembea sambamba na sauti yake kwa namna ya kupendeza. Wimbo uliobeba jina la santuri ni wa Temperton, na ni mzuri. Upande wa pili, hata hivyo, huwa ninausikiliza nikiwa ninafanya kazi nyingine. Kama fedha zako ni chache, hii ndiyo ya kuacha kwa sasa.

Kisha Thriller, ambayo karibu kila mtu anadhani anaijua. Ina nyimbo 9, na 3 kati yake ni za Temperton: Baby Be Mine, Thriller, na The Lady in My Life. Mzee wa kibandani alikuwa na haki ya kunizuia nisiishie kwenye picha, kwa sababu niliimiliki santuri hii kwenye kanda tangu nikiwa msichana, kanda iliyonakiliwa na kuandikwa kwa kalamu, na katika miaka hiyo yote sikuwa na njia ya kujua kwamba wimbo ulionitia hofu utotoni uliandikwa na Mwingereza mpole wa kiwanda cha samaki. Besi ile ambayo mwanafunzi wangu aliniuliza ni ya sintesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ndiyo maana inakaa vizuri chini ya vidole. Iliandikwa na mtu wa vibonyezo na inapigwa kama vibonyezo vinavyotaka. Tulipoicheza pamoja nyumbani, kijana kwa mkono wa kushoto na mimi kwa kodi, alishangaa kwamba ugumu wake haumo katika sauti zenyewe. Umo katika kuachia kibonyezo kwa wakati, kwa sababu kimya kilicho kati ya sauti na sauti ndicho kinachoutembeza wimbo.

Kuna jambo kuhusu wimbo huu ambalo kila mtunzi anapaswa kulijua. Kabla haujaitwa Thriller uliitwa Starlight, ukiwa na muziki uleule lakini maneno mengine kabisa, kuhusu mwanga wa nyota. Walihitaji jina lenye nguvu zaidi, naye akalala na tatizo hilo hotelini, akaamka na neno moja. Ukiyatazama maneno hayo mawili kwa sikio la mtunzi utaona kwamba yote yana silabi mbili, na yote yanabeba mkazo kwenye silabi ya kwanza. Sisi tunaotunga kwa Kiswahili, lugha ambayo mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tunalishika jambo hilo mara moja: nyumba ya melodia ilikuwa imekwisha kujengwa, na neno jipya lilipaswa kupita kwenye mlango uleule. Nina daftari lenye nyimbo sita ambazo zilinishinda kwa sababu nilishikilia maneno yangu ya kwanza kana kwamba yameandikwa kwenye jiwe. Baada ya kusoma habari za Starlight nilichukua mmoja, nikaacha melodia kama ilivyo, nikafuta beti zote. Umeimbwa kanisani Jumapili mbili zilizopita.

Yale maneno ya kutisha yanayosemwa mwishoni na mwigizaji Vincent Price nayo ni ya Temperton. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliyaandika kwa haraka, ndani ya teksi, akiwa njiani kwenda studio siku ileile ya kuyarekodi. Ninaamini kabisa. Kazi ya miaka mingi ndiyo huruhusu dakika chache kama hizo. Lakini nikiulizwa ni upi kati ya nyimbo zake tatu ungebaki nami kama santuri ingevunjika, nitataja The Lady in My Life, uliowekwa mwisho kabisa wa upande wa pili, mahali ambapo wasikilizaji wengi wa zamani walikuwa wamekwisha kuinua sindano. Ndani yake nasikia tena subira ya Always and Forever. Ni mpiga kinanda yuleyule, miaka sita baadaye, na sasa ana studio bora ya Los Angeles, lakini bado haitoi kodi yake nzuri mapema.

Hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya kununua santuri badala ya kusikiliza kwenye simu. Kwenye simu yangu, wimbo wa Thriller unakuja na jina la mwimbaji na picha ndogo kama stempu, na ukitaka kumjua mtunzi lazima uamue kumtafuta, huku ukijua tayari kwamba kuna mtu wa kutafutwa. Jalada la santuri lina upana wa sentimita 30 na zaidi, na majina yamo mikononi mwako muda wote unaposikiliza, kwa sababu kwa dakika 20 za upande mmoja huna jambo jingine la kushika. Waingereza walimpa Temperton sifa ya kuwa mtu asiyeonekana. Kwangu mimi alionekana jioni ya kwanza tu, nikiwa nimekaa sakafuni, jalada juu ya mapaja.

Jambo hili linanigusa kwa karibu kuliko tathmini ya kawaida inavyoruhusu, lakini nitalisema. Wimbo wangu mmoja wa sifa ulirekodiwa na kwaya nyingine miaka kadhaa iliyopita, na kwenye jalada la diski pale penye nafasi ya mtunzi waliandika jina la kwaya. Hawakuwa na nia mbaya. Waliusikia ukiimbwa, wakaupenda, wakadhani nyimbo za namna hiyo hutoka hewani. Sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, lakini ulinzi huo hauna pa kuanzia kama hakuna anayelijua jina. Tunao ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili hapa nyumbani: wimbo wa Malaika umeimbwa dunia nzima, Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukavuma, na bado hadi leo wapo wanaosema kwamba mtunzi wake ni Adam Salim wa Tanzania. Ubishi wa namna hiyo huhitaji karatasi. Jalada lile la mwaka 1979, lililochakaa pembeni na lenye alama ya kikombe cha chai cha mwenyewe wa zamani, bado linasema bila kusitasita nani aliandika nini.

Turudi kwenye hali ya bidhaa. Thriller ndiyo iliyo safi zaidi, ikiwa na michakacho midogo tu kati ya wimbo na wimbo. Off the Wall inasikika vizuri lakini jalada lake limeachana kwenye mshono wa juu, nami nimelishikisha kwa gundi ya karatasi. Heatwave ina sehemu moja, katikati ya wimbo wa jina la santuri, ambapo sindano huruka mara moja kila ninapoicheza. Nililijua hilo kabla ya kulipa, kwa sababu mzee alinionyesha mahali penyewe kwa ukucha wake bila kuugusa mstari. Benson haina tatizo lolote, labda kwa sababu hata mwenyewe wa zamani hakuicheza sana.

Anayefikiria kununua ajue pia gharama ambazo haziko kwenye bei ya santuri. Unahitaji gramafoni inayozunguka kwa kasi ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, sindano isiyochakaa, na spika zinazoweza kubeba besi, maana nusu ya kazi ya Temperton iko chini, na kwenye spika ndogo za redio utapata juu tu. Gramafoni za bei nafuu zinazokuja ndani ya sanduku kama begi zinavutia kwa macho, lakini yangu ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa na mkono mzito uliokandamiza santuri, nami sitaipendekeza kwa mtu mwenye santuri anazozipenda. Santuri zihifadhiwe zikiwa zimesimama, mbali na dirisha la jua la alasiri. Umeme ukikatika katikati ya upande, inua sindano kwanza ndipo utafute mshumaa.

Je, kuna wasiofaa kununua? Wapo. Kama unazipenda nyimbo hizi kwa ajili ya kucheza tu, simu yako inatosha na hakuna aibu yoyote. Kama unakusanya santuri ili uziuze tena, zile zenye majalada yaliyoachana hazitakufaidi. Lakini kwa mpiga kinanda, wa kanisa au wa hoteli, anayetunga au anayetamani kutunga, naona kwamba Too Hot to Handle na Thriller, kwa jumla ya shilingi 4,800, ni masomo ambayo singeyapata kwa bei hiyo kwa mwalimu yeyote, na Off the Wall iongezwe pindi mfuko ukiruhusu.

Temperton alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 66. Katika miaka ya baada ya Thriller aliandika nyimbo nyingine nyingi, ukiwamo Sweet Freedom ulioimbwa na Michael McDonald mwaka 1986, na alishirikiana na Quincy Jones na Lionel Richie kuandika Miss Celie's Blues kwa ajili ya filamu ya The Color Purple, wimbo uliopendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Santuri hizo sijazipata bado. Ninayoitafuta kwanza ni Central Heating, ya pili ya Heatwave, yenye wimbo wa The Groove Line, kwa sababu nataka kumsikia mara moja zaidi akiwa ndani ya bendi yake kabla hajaondoka. Mzee wa Kenyatta Market ameandika nambari yangu ya simu kwenye kitabu chake cha kurasa za mistari, na mbele ya nambari, badala ya jina langu, ameandika: Mama wa Kinanda.